Kuongeza Kumbukumbu ya Kompyuta ya Chama: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kazi za ofisi ya chama cha msingi huongezeka maradufu kwa muda wa majuma machache. Magunia hupokelewa na kupimwa, stakabadhi huandikwa, mzigo hupelekwa ghala kuu, mnada hufanyika, na baada ya mnada kila mkulima hungoja malipo yake. Katika wilaya za Kibiti na Rufiji, kama kwingineko nchini, sehemu kubwa ya kazi hiyo sasa hupita katika kompyuta: orodha za wakulima na kilo zao, hati za malipo ziendazo benki, na taarifa zinazoingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ulioanzishwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kompyuta ikiwa nzito, orodha huchelewa. Na orodha ikichelewa, anayeumia ni mkulima.

Dawa inayotajwa mara nyingi kwa kompyuta nzito ni kuiongezea kumbukumbu. Dawa hiyo ni njema, tena aghalabu ni nafuu kuliko kununua mashine nyingine. Lakini kumbukumbu si kama mafuta ya taa, ambayo yakinunuliwa duka lolote huwaka katika taa yoyote. Kila kompyuta hukubali aina yake tu, na kipande kisichokuwa cha aina hiyo hakitaingia, au kitaingia na mashine isiwake.

Kwa vyama vilivyo mbali na mji, kosa la namna hiyo ni ghali kuliko bei ya kipande chenyewe. Mtu atokaye kata za ndani ya delta, kama Kiongoroni au Maparoni, husafiri kwanza kwa chombo cha majini, kisha hutafuta gari la kumfikisha barabara kuu ya Kilwa, ndipo ashike safari ya Kibiti au Dar es Salaam. Akirudi na kipande kisichofaa, nauli yote imepotea na kazi imelala. Fedha hiyo ni ya wanachama, na mkaguzi ataiuliza.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo katibu anapaswa kuyajua na kuyaandika kabla chama hakijatoa hata shilingi moja.

KUMBUKUMBU NI NINI

Ndani ya kompyuta mna mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni diski, ambayo inaweza kufananishwa na ghala: hukaa na vitu siku nyingi, hata umeme ukizimwa. Pa pili ni kumbukumbu, ambayo watu wengi huiita ramu. Hii inafanana na uwanja ulio mbele ya mizani. Magunia yanayoshughulikiwa saa hiyo huwekwa uwanjani, na kazi ikiisha hurudishwa ghalani. Umeme ukizimwa, uwanja wote huwa mtupu.

Uwanja ukiwa mdogo, wapagazi hulazimika kutoa magunia ghalani, kuyarudisha, na kuyatoa tena, hata kazi ya saa moja ikachukua nusu siku. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta yenye kumbukumbu ndogo. Kila programu inayofunguliwa inahitaji nafasi yake, na nafasi ikikosekana mashine huanza kuhamisha mambo kwenda na kurudi kati ya kumbukumbu na diski. Kwa kuwa diski ni ya polepole sana ikilinganishwa na kumbukumbu, mtumiaji huona mashine imeganda.

Ukubwa wa kumbukumbu hupimwa kwa gigabaiti, kwa kifupi GB. Mwaka 1970 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa chipu ya kumbukumbu iliyoitwa 1103, nayo ilihifadhi biti 1,024 tu. Ili kupata GB 4 za leo, zingehitajika chipu za namna hiyo zaidi ya milioni 33. Maendeleo hayo ya haraka ndiyo sababu ya kuwapo aina nyingi za kumbukumbu zisizoingiliana: kila baada ya miaka michache hutokea aina mpya iliyo bora, nayo haiingii mahali pa ile ya zamani.

KUTAMBUA UGONJWA KABLA YA DAWA

Si kila uzito wa kompyuta hutokana na uhaba wa kumbukumbu. Kwa hiyo katibu afanye jaribio dogo saa ya kazi nyingi, programu zote za kila siku zikiwa zimefunguliwa. Katika kompyuta yenye Windows 10, abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue ukurasa ulioandikwa Performance. Hapo ataona asilimia ya kumbukumbu inayotumika na kazi inayofanywa na diski.

Ikiwa kumbukumbu imejaa kwa zaidi ya asilimia 85 na diski haipumziki, hapo kuongeza kumbukumbu kutasaidia. Ikiwa kumbukumbu ina nafasi tele lakini diski ndiyo iliyofika asilimia 100, tatizo liko kwenye diski. Pengine fedha itumike kununua diski ya chipu, ile isiyozunguka, ambayo mafundi huiita SSD. Ikiwa vyote viwili vimetulia, lakini kurasa za MUVU hazifunguki, basi kosa huenda liko kwenye mtandao wa simu. Hakuna kumbukumbu, hata ikiwa kubwa namna gani, itakayoongeza nguvu ya mnara wa simu ulio mbali.

MAMBO MANNE YA KUANDIKA

La kwanza ni aina. Kompyuta za mezani zilizomo maofisini hutumia zaidi aina zinazoitwa DDR2, DDR3 na DDR4. Kila kipande ni kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na kati ya meno hayo mna pengo. Pengo hilo limewekwa kwa makusudi, ili kipande cha aina moja kisiingie mahali pa aina nyingine. DDR2 na DDR3 zote zina meno 240, na mtu asiyeangalia vema huweza kuzidhani moja. Lakini pengo la kila moja liko mahali pake, na umeme wake si sawa. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, na DDR4, yenye meno 288, hutumia volti 1.2. Kipande kikikataa kuingia, kisilazimishwe. Kukataa huko ni onyo.

Vipimo hivi hupangwa na chombo kiitwacho JEDEC, ambamo watengenezaji wa sehemu mbalimbali za dunia hukubaliana juu ya umbo, meno na umeme wa kila aina. Kwa sababu ya mapatano hayo, chama hakilazimiki kununua kipande chenye jina la kampuni iliyotengeneza kompyuta yake. Kipande cha kampuni nyingine hufaa, mradi aina na vipimo ni vile vile.

La pili ni umbo. Kompyuta nyingi za mezani hutumia vipande virefu, vya sentimita 13 hivi. Kompyuta za mapajani hutumia vipande vifupi, karibu nusu ya urefu huo. Hata hivyo zipo kompyuta za mezani zilizoundwa ndogo sana, pamoja na zile ambazo kioo na mashine ni kitu kimoja, ambazo nazo hutumia vipande vifupi. Kwa mfano, HP EliteDesk 800 G1 ya umbo la kawaida huchukua vipande virefu, lakini ndugu yake mdogo mwenye jina lile lile, wa umbo dogo kabisa, huchukua vifupi. Jina pekee halitoshi. Lazima kifuniko kifunguliwe na kipande kionekane kwa macho.

La tatu ni ukomo. Ubao mkuu wa kila kompyuta una kiasi cha juu cha kumbukumbu unachoweza kukitumia, na kitakachozidi hapo ni fedha iliyotupwa. Dell OptiPlex 755, iliyotoka mwaka 2007, hutumia DDR2 na haizidi GB 8. OptiPlex 780 iliyoifuata baadaye hutumia DDR3 na hufika GB 16. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 hutumia DDR3 na hufika GB 32. HP EliteDesk 800 G2, ya mwaka 2015, hutumia DDR4 na hufika GB 64. Hesabu hizi ni za zile zenye nafasi nne za vipande. Mashine ya umbo dogo yenye nafasi mbili huwa na ukomo wa chini zaidi.

Namba za majina nazo huweza kumpotosha mnunuzi. Mwaka 2023 kampuni ya Dell ilitoa tena kompyuta inayoitwa OptiPlex 7010, na hiyo haitumii DDR3 bali DDR4 au DDR5. Kwa hiyo mtu akitaja dukani kwamba ana 7010, bila kusema ni ya mwaka gani, anaweza kuuziwa kitu kisichofaa. Njia ya hakika ni kuandika namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye kasha la mashine na kuitafuta katika tovuti ya mtengenezaji, ambako mashine hiyo hasa huelezwa.

La nne ni nafasi na mwendo. Ihesabiwe mashine ina nafasi ngapi za vipande, ngapi zina kitu na ngapi ni tupu. Kompyuta yenye nafasi mbili zilizojaa vipande vya GB 2 haiwezi kuongezewa bila kuondoa kimojawapo. Ni vizuri pia vipande viwe jozi zilizo sawa, kwa maana mashine nyingi hufanya kazi kwa wepesi zaidi zikipata vipande viwili vinavyolingana, kila kimoja katika njia yake. Mwendo wa kipande huandikwa juu yake, kama 1066, 1333 au 1600. Wakati mwingine huandikwa kwa namna ya pili: PC3-10600 ni DDR3 ya mwendo wa 1333, na PC3-12800 ni ya 1600. Vipande vya mwendo tofauti vikiwekwa pamoja, vyote hufuata mwendo wa kile kizito, kama wapiga makasia wa chombo kimoja.

VIPANDE VYA KUTILIWA SHAKA

Katika soko la vitu vya mtumba hupatikana vipande vya bei nafuu ajabu, na unafuu huo mara nyingi una sababu. Vipo vipande vilivyotolewa katika mashine kubwa za kuhudumia mitandao. Kwa umbo vinafanana na vile vya kawaida, lakini vina chipu ya ziada inayosimamia nyingine, na kompyuta ya kawaida ya mezani haiwaki navyo. Karatasi yake mara nyingi huwa na maneno ECC na Registered, au herufi R mwishoni mwa namba, kama PC3-10600R. Katibu akiona alama hiyo asinunue.

Vipo pia vipande vya DDR2 vya GB 4 vilivyotengenezwa kwa ajili ya mashine zenye prosesa za AMD tu. Vikiwekwa katika mashine ya Intel, havisomeki.

Hatari ya tatu iko kwa mashine za umri wa OptiPlex 780 na nyingi zilizoitangulia. Mashine hizo huweza kusoma kipande cha DDR3 cha GB 4 kilichoundwa kwa chipu 16, nane kila upande, lakini hushindwa kusoma kipande cha GB 4 chenye chipu nane tu, kwa kuwa chipu zake zimeshonana kuliko uwezo wa ubao. Hapa kuhesabu kwa kidole kunatosha kuokoa nauli.

Kuhusu herufi L, kama katika PC3L, hiyo huonyesha kipande cha DDR3 kiwezacho kutumia umeme mdogo wa volti 1.35. Kwa kawaida kipande hicho hufanya kazi pia kwa volti 1.5 katika mashine za DDR3. Lakini mashine iliyoundwa kwa PC3L pekee isipewe DDR3 ya kawaida.

MFUMO ENDESHI NAO UNA MIPAKA

Kompyuta inaweza kuwa na kumbukumbu kubwa na bado isiitumie. Windows ya biti 32 haioni zaidi ya GB 4, na kiasi kinachotumika kwa kweli huwa zaidi kidogo ya GB 3. Kuiongezea mashine kama hiyo hadi GB 8 bila kubadili mfumo kuwa wa biti 64 ni sawa na kupanua uwanja wa mizani na kuuacha umefungwa kwa ua.

Aidha, kumbukumbu haiondoi uzee wa mfumo. Msaada wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na mapema mwaka 2023 programu ya Chrome iliacha kuitolea matoleo mapya. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka GB 4 kwa uchache, lakini inataka pia prosesa za orodha maalumu na chipu ya usalama, na mashine kama OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 haimo katika orodha hiyo. Kamati iyaweke mambo haya mezani kabla ya kuamua. Kwa mashine ya DDR2, ambayo umri wake unakaribia miaka 20, huenda ikawa busara kutoitumilia fedha tena. Kwa mashine nzuri ya DDR3, GB 8 pamoja na diski ya chipu huweza kuipa miaka kadhaa ya kazi, na mfumo endeshi usiolipiwa kama Linux Mint huweza kufikiriwa, mradi fundi ahakikishe kwanza kwamba programu za chama na printa zitafanya kazi.

KUNUNUA KWA UTARATIBU

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya Serikali kupata hasara na usumbufu kwa sababu ya mitambo hiyo, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na miaka mingi ikapita kabla ya zuio hilo kulegezwa. Fundisho lililobaki ni kwamba chombo kinachonunuliwa pasipo watu kukielewa humtawala mwenyewe.

Kwa hiyo katibu apeleke kwenye kikao cha bodi maelezo ya maandishi: ugonjwa ulioonekana, mambo manne yaliyoandikwa, na bei za maduka yasiyopungua matatu. Anayekwenda kununua achukue kipande cha zamani mkononi, kama kazi inaweza kusimama siku hiyo, au picha zake za pande zote mbili zinazosomeka. Akubaliane na muuzaji kwa maandishi kwamba kipande kisichofanya kazi kitarudishwa ndani ya siku zilizotajwa, na siku hizo zitoshe safari ya majini na barabarani. Risiti halali idaiwe, kwa kuwa ndiyo itakayoonekana mbele ya mkaguzi.

Kipande kisafirishwe ndani ya mfuko wake maalumu wa kuzuia umeme tuli, kisha kifungwe ndani ya mfuko mwingine wa nailoni usiopitisha maji. Hewa ya delta ina chumvi na unyevu, na meno yakishika kutu kipande huanza kusumbua hata kikiwa kipya.

KUFUNGA NA KUPIMA

Kabla ya kufungua mashine, daftari la wanachama na hesabu zote zinakiliwe kwenye diski ya pembeni. Kisha kompyuta izimwe, waya uchomolewe ukutani, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe mara moja ili umeme uliobaki uishe. Anayefunga aguse kwanza chuma kitupu cha kasha, ashike kipande kwa kingo na wala si kwa meno, alinganishe pengo, akisukume chini pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe.

Mashine isipowaka, au ikitoa milio, izimwe na waya uchomolewe tena. Meno yafutwe taratibu kwa kifutio safi cha penseli, vumbi lipulizwe katika nafasi, kisha vijaribiwe kipande kimoja kimoja. Mara nyingi kipande kilichodhaniwa kibovu kilikuwa hakijakaa sawasawa.

Mashine ikiwaka, kazi haijaisha. Kwanza iangaliwe kama kiasi chote kinaonekana. Kisha kipande kipimwe. Windows ina kipimo chake, kinachofunguliwa kwa kuandika mdsched katika sehemu ya kutafutia. Kipimo huchukua muda, hivyo penye umeme wa jua kifanywe mchana, betri zikiwa zimejaa.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Kumbukumbu iliyokufa kabisa hujitangaza, kwa sababu mashine haiwaki. Kumbukumbu mbovu nusu huiacha mashine ifanye kazi, lakini mara moja moja hubadili kimya kimya kile ilichokabidhiwa kushika. Faili huharibika bila sababu, programu hujifunga, na tarakimu moja huweza kugeuka nyingine katika orodha ya malipo. Mkulima aliyeleta kilo 412 na kusomeka 402 hatajua kwamba kosa ni la kipande cha dukani; atajua tu kwamba chama kimempunja. Kipimo kikionyesha hata kosa moja, kipande hicho kirudishwe kwa muuzaji, na kisitumike hata kwa siku moja.

KARATASI YA KATIBU

Mambo yafuatayo yaandikwe na kubandikwa ndani ya jalada la mali za chama, ili katibu atakayekuja asianze upya:

1. Jina kamili la kompyuta, mwaka wake, na namba ya utambulisho.
2. Aina ya kumbukumbu, umbo lake, mwendo wake, na idadi ya chipu zilizo kwenye kipande.
3. Idadi ya nafasi, zilizojaa na zilizo tupu, na ukomo wa ubao mkuu.
4. Mfumo endeshi, na kama ni wa biti 32 au 64.
5. Tarehe ya kununua, namba ya risiti, muda wa kurudisha, na matokeo ya kipimo.

Karatasi hiyo haigharimu kitu. Isomwe mbele ya kamati kabla ya msimu kufunguliwa, wakati bado ipo nafasi ya kuagiza, kupima, na kurudisha kisichofaa.